Jua Limevua Kofia

9 Januari

Babu, mume wangu,

Shikamoo. Usishtuke kwa urefu wa barua hii: sijaugua, sijafukuzwa chuo, wala sijaolewa. Ningeolewaje na wewe upo? Mama wa duka la dawa ameniahidi kwamba ataipokea kwenye simu yake na kuichapisha kwa herufi kubwa, ili usihangaike kutafuta miwani ambayo kwa kawaida huwa kichwani pako.

Tumepewa kazi. Wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza tumegawanywa wawili wawili, kila mmoja na mwenzake wa nchi nyingine na lugha nyingine. Kila jozi itunge wimbo mmoja wa lugha mbili na kuuimba mbele ya walimu mwezi wa tatu. Jozi isiyoimba haiendi mwaka wa pili. Hakuna kuimba peke yako, na hakuna kubadilisha mwenzako.

Mimi nimepangiwa msichana ninayeishi naye chumba kimoja. Hapa kila mtu anamwita Kodiani, kwa sababu ya kile kinanda chake cha kukumbatia kifuani, cha kuvuta na kusukuma. Ni mrefu, haongei, na huosha kikombe changu kabla sijamaliza chai. Baba yake ni mwoka mikate wa zamu ya usiku. Alikuwa akirudi na unga kwenye nyusi wakati mwanawe akienda shule, nao wakikutana kwenye ngazi. Utoto wake wote alimjua baba kwa kupishana naye ngazini.

Juzi nilikuwa naosha sufuria, nikajikuta naimba ule wimbo wa bibi wa kunilaza. Kodiani akanyamazisha kinanda chake.

"Huo," akasema. "Tuchukue huo."

"Huu si wimbo," nikamwambia, "ni kelele za mke mwenzangu, Mungu amrehemu."

"Basi kelele hizo hizo."

Unaukumbuka, babu?

*Lala, jua limevua kofia,*
*limeiweka juu ya paa.*
*Sufuria imelala, mwiko umelala,*
*ndoo imelala na kata yake...*

Hapo ndipo ninapokwama. Sijawahi hata mara moja kuufikia mwisho. Nilikuwa nalala! Wewe ulikuwa chumba cha pili, ukuta tu katikati. Duniani umebaki wewe peke yako uliyeusikia mpaka mwisho. Naomba uniandikie, na ukiweza uweke na nota, maana Kodiani husoma nota kama watu wengine wanavyosoma gazeti.

Mkeo mdogo asiyejua kupika,
Chiriku

17 Januari

Mjukuu wangu mpendwa, Chiriku,

Marahaba. Barua yako imenikuta mzima, ukiliacha goti la kushoto, ambalo halistahili kutajwa katika barua ya heshima. Naomba radhi kwa kuchelewa kukujibu. Sisi tuliofundishwa na wamisionari tulizoeshwa kwamba barua isiyoandikwa mara mbili haijaandikwa. Hii nimeiandika mara tatu.

Nimefurahi mno kusikia kwamba wimbo wa marehemu bibi yako umefika mbali kiasi hicho. Yeye mwenyewe angecheka. Katika miaka yote niliyofundisha kwaya hakukubali kuketi hata siku moja kwenye benchi la soprano. Alisema benchi lile lina maneno mengi kuliko nyimbo.

Nimekuandikia nota za wimbo mzima kwa solfa, doh ikiwa F. Ubeti wa mwisho ni huu:

*Nasi sote tulale kwa amani*
*mikononi mwa usiku mwema,*
*hata nuru ya alfajiri*
*itakapotuamsha tena.*

Utaona kwamba unashuka taratibu na kutua kwenye doh, kama ipasavyo. Nimethubutu kuongeza alto, tenor na besi, endapo walimu wako watapenda kuziona. Niwie radhi iwapo nimezidisha.

Mfikishie mwenzako salamu zangu za heshima. Mwambie pia kwamba mtu aoshaye kikombe kabla ya wakati ni bora kuliko yule amwachiaye mwenzake akioshe. Bibi yako angemkubali.

Ni mimi, babu yako mwenye kukuombea

30 Januari

Babu,

Shikamoo, na asante mara elfu! Niliposoma ubeti ule nililia jikoni mpaka jirani akagonga kuuliza kama nimejikata kisu. Kumbe bibi alikuwa na maneno mazito kiasi hicho, na mimi nikiyakoromea.

Kodiani ameshaandika sehemu yake, kuhusu baba yake. Kwa lugha yetu inakuwa hivi:

*Baba ameleta usiku ndani ya mfuko wa karatasi,*
*bado una joto.*
*Ameniwekea mkononi hapa ngazini,*
*yeye anapanda, mimi nashuka.*

Mkate wa moto, babu! Ubeti huu tunauingiza katikati, baada ya ndoo na kata. Yeye anaimba kwa lugha yao, mimi napita chini yake na sufuria na mwiko. Mwalimu wetu wa utunzi, ambaye hasifu hata mvua, alisimama mlangoni akasikiliza mpaka chai yake ikapoa.

Kuna jambo moja dogo tu. Tukifika kwenye ubeti wa mwisho Kodiani huacha kupiga. Anaurudia, anaacha, anatazama dirishani. Jana aliniuliza kama aliyetunga mwisho ni mtu yule yule aliyetunga mwanzo. Nikamwambia ni yule yule, hakuna mwingine. Akasema, "Sawa," lakini ni ile sawa ya mtu ambaye hakubali.

Ana lipi la kusema kuhusu bibi yangu?

Chiriku wako

7 Februari

Mjukuu wangu mpendwa,

Nimesoma barua yako kwa makini, na ubeti wa mkate nimeusoma mara nyingi. Tafadhali mfikishie mwenzako pongezi zangu za dhati. Nimepata kumfahamu baba yake kwa mistari minne zaidi kuliko ninavyowafahamu baadhi ya majirani zangu wa miaka mingi.

Kuhusu ubeti wa mwisho, kwa unyenyekevu mkubwa, sioni kosa lolote. Sauti zote nne zinakwenda kwa kanuni, hakuna zinazogongana, na mwisho unatua pale ambapo sikio lolote lililofundishwa lingetarajia. Yawezekana kwao nyimbo humalizika kwa namna nyingine. Umweleze kwa upole kwamba kwetu wimbo hufungwa, kama vile mlango wa nyumba hufungwa watu wanapoingia kulala.

Mama wa duka la dawa, alipouona mwanzo wa barua hii, ninayoimalizia kwenye kaunta yake kabla hajaipiga picha akutumie, aliniuliza, "Mzee, mbona leo mwandiko umekakamaa hivi? Umegombana na mchumba wako?" Nikamjibu kwamba ni baridi ya asubuhi. Akasema, "Baridi gani na mimi natokwa jasho?" Ni mama mwema, ila huona mambo asiyoonyeshwa.

Naomba mradi wenu uende salama. Kila jioni nafikiria mwaka wako wa pili.

Babu yako

18 Februari

Babu,

Shikamoo. Hakuna wimbo tena.

Nilimsomea Kodiani maneno yako kuhusu kanuni, neno kwa neno. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ubeti ule una kanuni zote lakini "umevaa viatu." Nikamuuliza viatu gani. Akasema, "Huyu mama mwanzoni yuko miguu mitupu. Mwishoni amevaa viatu. Si mtu mmoja. Mtu fulani ameongopa."

Babu, amemwita bibi yangu mwongo! Mwanamke aliyenilea tangu nikiwa kifurushi! Nikamwambia, wewe unajua nini kuhusu bibi? Wewe uliyelelewa na ngazi?

Ndiyo, nilisema hivyo. Nilipoyasikia yametoka nilitamani kuyarudisha, lakini alikuwa ameshachukua kodiani yake na kutoka. Sasa tunaishi chumba kimoja kama abiria wawili. Tunaandikiana vikaratasi kwenye mlango wa jokofu: "Maziwa ni yangu." "Dirisha lifungwe." Kikombe changu kinakaa na chai iliyokauka siku mbili.

Mimi siutoi ubeti wa bibi, na yeye anasema hawezi kuupiga. Mwalimu ametupa mpaka wiki ya pili ya Machi. Tusipoimba tunaondoka wote wawili, yeye kwao, mimi kwetu. Basi nitarudi tu, babu, nikukorogee uji wenye mabonge.

Chiriku

21 Februari

Babu mheshimiwa,

Shikamoo. Mimi ni mtu wa kodiani. Kiswahili changu ni kidogo, nimekipata jikoni kwa Chiriku. Samahani kwa makosa mengi. Chiriku hajui mimi naandika. Barua zako amezibandika ukutani juu ya kitanda, na namba ya mama wa dawa iko pale chini.

Mimi sikusema bibi ni mbaya. Simjui bibi, lakini nampenda sana. Kila siku nampiga kwa kodiani, na yeye anakuja.

Babu, nieleze vizuri kama naweza. Mwanzo wa wimbo, mtu anaimba na mkono wake mmoja una kazi. Mimi nasikia mkono. Baba yangu anaimba hivyo, mkono kwenye unga, na wimbo unasubiri mkono. Halafu wimbo wa bibi unafika mwisho, na mkono hakuna. Mtu amesimama, mikono iko chini kama askari. Mimi siwezi kupiga pale. Vidole vinakataa.

Swali langu ni moja tu. Mkono wa bibi ulikuwa unafanya nini?

Chiriku analia usiku, anafikiri mimi nimelala. Mimi pia silali. Alisema neno baya kwa baba yangu, lakini mimi najua ni hasira, si yeye.

Asante na pole kwa kusumbua.

Mtu wa kodiani

27 Februari

Kwa Chiriku, na kwa binti wa kodiani, ambaye akiridhia ningependa kumwita mjukuu wangu wa pili,

Nawaandikia nyote wawili barua moja. Nawasihi muisome mkiwa mmeketi pamoja, hata kama kwa sasa hamsemezani. Chiriku, umtafsirie mwenzako pale nitakapoandika Kiswahili kigumu. Najua kalamu yangu ina tabia hiyo.

Ubeti wa mwisho ni wangu. Niliutunga mwezi uliopita juu ya meza hii, bibi yako hakuujua. Mwenzako amesikia sawasawa, Chiriku. Vile viatu ni vyangu, vya Jumapili, na nimemvisha mtu ambaye ndani ya nyumba hakuvaa hata kandambili. Msamaha nauomba kwenu wote wawili, na zaidi kwako binti wa kodiani, uliyepewa jina la mgomvi kwa sababu ya sikio lako zuri.

Wimbo ule haukuwa na mwisho.

Aliimba kofia ya jua na paa, kisha akaanza kuvilaza vyombo kimoja kimoja, chochote alichokiona au alichokikumbuka. Wewe Chiriku ulipokuwa mgumu wa kulala, na ulikuwa mgumu kweli, vyombo vilimwishia, akaanza vitu vingine. *Mdomo wa jirani umelala. Madeni yamelala. Goti la mwalimu wa kwaya limelala.* Siku moja niliposogeza kiti karibu na ukuta nimsikie vizuri, aliimba bila kubadilisha sauti, *babu yako anajifanya amelala, anasikiliza.* Nikakirudisha kiti taratibu kama mwizi.

Mkono, binti yangu, ulikuwa ukimpigapiga mtoto mgongoni, taratibu, kwa mwendo uliokuwa wa polepole kuliko wimbo. Mkono ulikwenda njia yake na sauti njia yake. Mimi mwalimu wa kwaya nilijaribu mara nyingi kuhesabu mapigo yake, nikashindwa. Wewe umeusikia kupitia kwa mtu aliyekuwa usingizini. Sijui nikusifu vipi.

Kisha alikatiza. Hakungoja ubeti uishe, wala mstari. *Kikombe cha...* halafu kimya. Mtoto amelala, basi wimbo wa nini tena? Huo ndio uliokuwa mwisho, na kila jioni ulikuwa mahali pengine.

Mtaniuliza kwa nini sikuandika hivyo tangu awali. Sababu ya kwanza ni aibu ya ualimu. Niliogopa walimu wenu wangeuona wimbo wa mke wangu umekatika katikati, waseme huyu mama hakujua kumaliza jambo. Nikaona nimtengeneze kabla hajatoka mbele za watu, kana kwamba aliwahi kunituma.

Sababu ya pili ni ngumu zaidi kwangu kuiandika, nanyi mnivumilie. Baada ya kile kimya zilisikika hatua zake, mlango ukafunguka kidogo, akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Kalala." Kisha aliniambia nisogee, maana nilikuwa na tabia ya kulala katikati ya kitanda. Kwangu mimi wimbo uliishia hapo. Neno lile halikuimbwa, na halikuambiwa mtu mwingine yeyote. Ulipoomba mwisho, Chiriku, niliona kama unaniomba hilo, nami sikuwa tayari kulitoa nje ya nyumba. Nikakupa ubeti wa alfajiri badala yake.

Sasa nalitoa. Lichukueni, mlitumie mnavyoona inafaa. Afadhali liimbwe mbele ya watu kuliko ninyi wawili mrudi makwenu mkiwa mmenuniana kwa ajili ya ubeti wangu. Muutupe. Ile kata ya ndoo mumrudishie bibi, na mkate mumrudishie baba.

Na wewe, Chiriku, kabla hujaendelea na jambo lingine lolote, muombe mwenzako radhi kuhusu ngazi. Bibi yako angekushika sikio.

Niwieni radhi kwa urefu.

Babu yenu

16 Machi

Babu yetu,

Shikamoo kutoka kwa wawili.

Tumeimba! Tumepita, tunakwenda mwaka wa pili. Nimeanza na hilo ili goti lako lisipate shida kusubiri.

Barua yako niliisoma kwa sauti, tukiwa tumekaa sakafuni. Nilipofika kwenye lile neno la ngazi nikashindwa kuendelea. Kodiani akachukua karatasi kutoka mkononi mwangu, akatazama mstari ule asiouelewa, akasema, "Hapa pameandikwa uniombe msamaha." Nikamuuliza amejuaje. "Mwandiko umenyooka sana hapa," akasema. Nikamuomba. Akanijibu kwamba ngazi imemlea vizuri, mimi ndiye niliyelelewa vibaya, sijui hata kuosha kikombe. Tukacheka mpaka tukagongewa ukuta.

Wimbo tuliuimba hivi. Baada ya ubeti wa mkate tulianza kulaza vitu. Mimi nililaza vya nyumba yetu, yeye akalaza vya kiwanda cha mikate kwa lugha yao: tanuri, ungo wa unga, aproni ya baba yake, ngazi. Hatukupanga nani anataja nini, wala kitu cha mwisho ni kipi. Aliiweka kodiani juu ya magoti, akawa anaipigapiga mgongoni kwa mkono mmoja, polepole kuliko mimi. Nikaanza kusahau kwamba kuna walimu. Nikasema, *beseni la...* nikamwona amefumba macho, nikaacha.

Kodiani ina kitufe ambacho ukikibonyeza kinapitisha hewa tu, haitoi nota. Akakibonyeza, akaivuta na kuirudisha, akaivuta na kuirudisha. Pumzi ya mtoto, babu. Ukumbi mzima ulikaa unasikiliza pumzi. Mwalimu asiyesifu hata mvua alikuwa ameshika kalamu hewani, akaishusha mezani kama mtu anayeogopa kuamsha mtu.

Sasa kuhusu lile neno. Tulilijaribu. Kodiani alilifanyia mazoezi mpaka akalisema vizuri kuliko mimi. Alikuwa alitamke yeye mwishoni, baada ya pumzi. Asubuhi ile ya kuimba, tukiwa tunavaa, akaniambia, "Nimefikiri. Mimi si mtu wa kuambiwa hilo, na hawa walimu pia. Kuna mtu mmoja tu." Hata mimi nilikuwa nimelala nalo moyoni, nikishindwa nimwambieje.

Kwa hiyo hatukulisema. Tumekurudishia, babu. Mwisho wetu ni ile pumzi. Nimemtumia mama wa dawa wimbo wenyewe kwenye simu, akusikilizishe.

Wajukuu zako, mmoja mwenye midomo na mmoja mwenye sikio,
Chiriku na Kodiani

19 Machi

Wajukuu zangu wapendwa,

Hongereni, na tena hongereni. Naomba radhi kwa ufupi wa barua hii. Wimbo wenu nimeusikiliza leo mchana, na sijapata bado utulivu wa kuandika ipasavyo.

Mama wa duka la dawa alinipa kiti nyuma ya kaunta, akaiweka simu juu ya mizani ya kupimia watoto ili isitikisike. Wateja wawili walikuja, akawaashiria wangoje. Nilimsikia bibi yenu. Nilimsikia pia mtu mwenye unga kwenye nyusi ambaye sijamwona kamwe, nikatamani kumpisha ngazini.

Beseni likakatika. Ikaja ile pumzi. Mama akainama haraka, akasema, "Samahani mzee, mtandao huu! Ngoja niirudishe nyuma," akanyoosha kidole. Nikamshika mkono, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mwanamke wa watu, nikamwomba aiache ilivyo. Tukakaa. Pumzi ikaingia, ikatoka, mpaka nayo ikaisha, na dukani hapakusikika kitu.

Nikasema, "Kalala."

"Nani kalala?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikamjibu, "Mtoto."

Babu yenu